Baraza la mbao nyuma ya nyumba, Njiro: shajara ya mradi, Mei hadi Novemba

Mei 24. Vipimo na mchoro

Baraza linajengwa nyuma ya nyumba ya kawaida ya matofali ya saruji, Njiro, Arusha. Mafundi waliozoea kambi za watalii huliita deki. Sakafu ya ndani iko sentimita 60 juu ya ardhi pale ukutani, na kiwanja kinashuka kuelekea bustanini sentimita 10 kwa kila mita.

Urefu ni mita 4.8 kando ya ukuta, upana mita 3.6. Mbao zetu huuzwa kwa futi 12, yaani mita 3.66, kwa hiyo upana wa mita 3.6 hutoka kwenye ubao mmoja bila kuunga. Tena mstatili wa 4.8 kwa 3.6 hupimika mita 6 kamili kutoka pembe hadi pembe, ni ile pembetatu mraba ya 3-4-5 ya mafundi ikizidishwa kwa 1.2. Kupiga skwea, yaani kuhakikisha pembe ni mraba, kunakuwa kazi ya futi kamba moja.

Baraza litasimama kwa miguu yake, halitafungwa ukutani. Ubao uliobanwa kwenye plasta hunasa maji nyuma yake kila mvua inaponyesha. Plasta inaloa, rangi ya ndani inavimba, na mchwa wanapata njia ya giza ya kupanda hadi kenchi. Mwanya wa milimita 25 kati ya fremu na ukuta unatosha kuepusha yote hayo. Uso wa baraza utakuwa sentimita 5 chini ya sakafu ya ndani ili mvua ya upepo isiingie chini ya mlango.

Hesabu ya mzigo: kilo 200 kwa mita ya mraba kwa watu na viti, kilo 50 kwa baraza lenyewe. Mihimili, yaani mbao za chini zinazobeba baraza lote, ni mistari mitatu sambamba na ukuta, mita 0.2, 1.8 na 3.4 kutoka ukutani (mstari A, B na C). Kila mstari una nguzo 4 za zege, umbali wa mita 1.4 katikati hadi katikati. Nguzo ya katikati ya mstari B, ambayo ndiyo inayobeba zaidi, inapata mita za mraba 2.24, yaani kilo 560. Kitako cha sentimita 40 kwa 40 kinasambaza uzito huo hadi kilo 3,500 kwa mita ya mraba, na hata mfinyanzi laini hubeba maradufu ya hapo. Uzito basi hausumbui. Maji na mchwa ndio wanaoangusha baraza la mbao, na karibu kila uamuzi wa mradi huu unawalenga hao wawili.

Swali la kibali linaulizwa kwanza ofisi ya mtaa, kabla ya jembe kugusa ardhi. Siku hiyohiyo tafuta bomba la maji, chemba na shimo la maji taka. Hapa chemba moja imeangukia chini ya baraza, mita 1 kutoka ukutani, takriban katikati ya urefu. Haihamishwi, litawekwa dirisha la kufungulia juu yake. Aliyefunika chemba kwa mbao zilizopigiliwa moja kwa moja atazing'oa siku bomba litakapoziba.

Juni 2. Mbao zimeingia

Mifupa yote ni paini iliyotiwa dawa, inchi 2×6 za futi 12. Orodha ilivyo:

- boriti 13 (mbao zinazokaa juu ya mihimili na kubeba sakafu) kila sentimita 40, pamoja na 2 za kupachika pacha: 15
- mihimili mitatu, kila mmoja mbao mbili zilizoshikana: 9
- ukingo wa mbele na wa nyuma: 3
- vipande vya kuzuia boriti zisilale: 1, kwa kuwa vingine vinatoka kwenye mabaki

Jumla 28. Zimenunuliwa 31, maana katika kila kumi moja hutoka mbovu.

Sakafu ni mtiki. Paini ya dawa nayo ingefaa, lakini mahali pa kutembea pekupeku na watoto kutambaa hatukutaka dawa ile, kwani ina aseniki. Mtiki unajilinda wenyewe, mradi ni kiini, yaani sehemu ya ndani ya gogo. Ubao wenye ukanda mweupe wa pembeni ukataliwe palepale: ule weupe huliwa na bungua na huoza kama mti wowote, hata kama muuzaji ana haki ya kuuita mtiki. Kwenye shehena yetu mbao 6 zilirudishwa kwa sababu hiyo tu. Mtiki mwingi unaofika kanda hii hutokea Longuza, Muheza; saiprasi na paini za karibu hutoka mashamba ya miti ya Meru na West Kilimanjaro. Popote zinapotoka, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Lori likisimamishwa njiani bila hati, mzigo unabaki huko.

Unene. Ubao wa inchi 1 ukishapigwa randa hubaki milimita 20, na juu ya boriti za sentimita 40 utayumba chini ya kisigino. Agiza inchi 1 na robo. Ukitoka kwenye randa unabaki na milimita 27. Upana wa inchi 6 hubaki 140. Safu 25 zenye mwanya wa milimita 6 zinafika milimita 3,644, yaani zinapita ukingo wa mbele kwa sentimita 4 na kuufunika usipigwe na mvua. Kila safu ni kipande cha mita 3.6 na cha 1.2. Zinahitajika mbao 25 ndefu na 9 za kukatwa mara tatu, jumla 34, zimeletwa 38. Mbao za mtiki za futi 12 zilizonyooka ni chache, kwa hiyo zile zilizopinda zilitengwa mapema zikatwe vipande vya 1.2. Pindo la sentimita 2 kwenye futi 12 halionekani tena kwenye futi 4.

Kukagua dawa kwenye paini: rangi ya kijani juu haithibitishi chochote, hata brashi inaweza kuipaka. Kata sentimita 30 kutoka nchani uangalie. Kijani kinapaswa kuzama ndani ya sehemu yote nyeupe ya ubao, si ukoko wa milimita 2. Mbao 2 kati ya 31 zilishindwa mtihani huu.

Vipimo navyo vipimwe. Mbao zilizopasuliwa kwa dingdong, ile mashine ya kupasulia magogo, hazilingani. "2×6" zetu zilikuwa kati ya milimita 43 na 47 kwa unene, na 140 hadi 148 kwa kimo. Kila ubao umeandikwa kimo chake kwa chaki. Faida yake itaonekana Julai.

Juni 3. Kukausha

Hapa ndipo mabaraza mengi yanapoharibikia, miezi kabla skrubu ya kwanza haijaingia.

Kipande cha sentimita 3 kilikatwa katikati ya ubao wa mtiki, si nchani, maana ncha hukauka kwanza na hudanganya. Kwenye mizani ya jikoni kilikuwa gramu 68. Kikawekwa ndani ya oveni, nyuzi 103, kikapimwa kila baada ya saa mbili hadi uzito ukaacha kushuka: gramu 54. Tofauti ni 14. 14 gawanya kwa 54 ni asilimia 26. Mbao ni mbichi mno kupigiliwa. Lengo ni asilimia 18 au chini.

Ubao wa milimita 140 ukishuka kutoka asilimia 26 hadi 13, mtiki hupungua upana kwa karibu milimita 3.5. Mwanya wa milimita 6 unageuka karibu 10, na kidole cha mtoto kinaingia. Wakati huohuo ubao uliobanwa na skrubu mbili huku ukisinyaa hupasuka katikati ya skrubu hizo, kwa sababu hauna pa kwenda.

Mbao zimepangwa chini ya paa la bati lililo wazi pembeni, juu ya matofali, sentimita 40 kutoka ardhini. Kati ya tabaka na tabaka kuna vijiti vya inchi 1 kila sentimita 45, na vijiti vyote vimesimama kwenye mstari mmoja wa timazi kutoka chini hadi juu. Kijiti kikikaa nje ya mstari ubao unapata wimbi, na wimbi hilo halitoki tena. Ncha zote zimepakwa rangi nzito ya mafuta, kwa kuwa maji hutoka nchani kwa kasi kuliko ubavuni na ndiyo maana ncha hupasuka. Juu kabisa yamewekwa matofali 40 kwa uzito. Nailoni haifuniki kitu hapa: mbao zinahitaji upepo, na Juni ya Arusha ina mawingu ya asubuhi yanayochelewesha kazi hii.

Juni 6 na 7. Kamba na mashimo

Profaili (vigingi vyenye ubao wa kufungia kamba za vipimo) zimesimamishwa mita 1 nje ya kila pembe ili wachimbaji wasizigonge. Nguzo za pembeni zinapimika mita 5.28 kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili. Tofauti ilikuwa milimita 4, imekubaliwa.

Usawa umechukuliwa kwa mpira wa maji wenye uwazi, mita 12. Kiputo kimoja cha hewa ndani ya mpira hukupotosha kwa sentimita nzima, kwa hiyo maji yaingizwe taratibu kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, kisha ncha mbili zishikwe pamoja kwanza: zisipolingana, kuna hewa.

Mashimo 12, sentimita 45 kwa 45, kina 60. Kumi yamefika udongo mwekundu mgumu. Mawili ya mstari C, upande wa kulia, bado yalikuwa kwenye kifusi cha ujenzi wa nyumba: vipande vya tofali, nailoni, udongo uliochanganyika. Kipimo chetu ni nondo ya milimita 12 kusukumwa kwa mikono yote miwili. Ikizama zaidi ya sentimita 5, endelea kuchimba. Hayo mawili yalitulia kwenye sentimita 85. Usijaze kifusi kwa kokoto ukaita msingi. Nguzo hiyo itashuka peke yake baada ya masika moja na mhimili utaning'inia.

Juni 9 na 11. Zege

Vitako sentimita 40×40×20. Nguzo sentimita 20×20, vichwa vyote usawa mmoja, kwa hiyo juu ya ardhi mstari A una sentimita 23, B 39 na C 55. Hakuna mguu wa mbao hata mmoja. Uso wa zege uliobaki wazi hivi ndio kioo cha kumwonea mchwa: hawezi kupanda bila kujenga njia yake ya udongo juu yake.

Ujazo wote ni mita za ujazo 0.78, ukiongeza asilimia 10 ya upotevu unakuwa 0.86. Uwiano 1:2:4. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35, kwa hiyo kwa kila mfuko: ndoo 3 na nusu za mchanga, ndoo 7 za kokoto, ndoo zikiwa za lita 20. Maji lita 27, pungufu kama mchanga una unyevu. Imetumika mifuko 6. Fundi atataka kuongeza maji zege liteleze. Maji yakizidi zege linapoteza nguvu na kubakiza matundu yanayonyonya maji kutoka ardhini. Ligonge kwa kipande cha nondo lishuke.

Nondo za milimita 10, nne kwa kila nguzo, miguu imekunjwa sentimita 20 ndani ya kitako: jumla mita 55, nondo 5. Ringi za kuzifunga pamoja, za milimita 6, kila sentimita 20, karibu mita 40. Mabaki ya hizo milimita 6 yatunzwe, yana kazi ya pili.

Juu ya kila nguzo kuna chuma cha umbo la U kilichochomelewa kwa flati baa ya milimita 75×5, upana wa ndani 92, mbavu sentimita 12, matundu mawili ya milimita 13. Chini kimechomelewa nondo mbili za milimita 12 zinazozama sentimita 30 ndani ya zege, na kitako cha U kinaelea milimita 25 juu ya kichwa cha nguzo. Mwanya huo haupaswi kukosekana. Mhimili ukilala moja kwa moja juu ya zege, hukaa kwenye maji kila siku ya mvua na huoza kuanzia chini, mahali ambapo jicho halifiki. Kichwa cha nguzo nacho kimeinamishwa kidogo pande zote ili maji yateremke.

Nguzo zimefunikwa kwa magunia na majani ya migomba, zikamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7.

Juni 19. Nguzo mbili zimehama

Kamba iliponyooshwa juu ya vyuma, B2 (nguzo ya pili ya mstari B) ilikuwa nje kwa milimita 15 na C3 kwa milimita 11. Chanzo: kishikilio cha muda cha U kilipigiliwa kwenye boksi lenyewe la mbao la kumwagia zege, na boksi lilisogea zege lilipogongwa. Kishikilio kilipaswa kusimama juu ya vigingi vyake ardhini.

Marekebisho: U zilikatwa kwa grenda juu ya zile nondo mbili, bamba la milimita 6 likachomelewa juu ya nondo, kisha U ikachomelewa upya kwa kufuata kamba. Mishono yote imesuguliwa na kupakwa redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mara mbili. Kwa anayeanza upya, njia nzuri zaidi ni kuzika bamba tupu kwenye zege na kuchomelea U zote 12 baadaye, siku kamba imeshanyooshwa. Kazi inaongezeka nusu siku, na lazima mishono ipakwe rangi vizuri.

Siku hiyohiyo udongo wa juu na mizizi viliondolewa, sentimita 10. Dawa ya mchwa yenye imidakloprid imemwagwa kuzunguka kila nguzo na kandokando ya ukuta, kwa kipimo cha kwenye kibandiko, siku kavu, glavu na barakoa vimevaliwa. Oili chafu haijatumika popote. Hainywewi na ubao zaidi ya ngozi yake, inanuka, inachafua nguo na inaingia bustanini.

Juni 28. Mihimili

Kila mhimili ni 2×6 mbili. Maungio yako juu ya nguzo tu na hayakutani: ubao wa kwanza ni mita 3.1 na 1.7, wa pili 1.7 na 3.1. Hivyo mhimili mmoja hula mbao 3 kamili, na mabaki mawili ya sentimita 56 yanakuwa vizuizi vya kati ya boriti. Zimeunganishwa kwa misumari ya inchi 3 kutoka pande zote mbili, kila sentimita 30, juu na chini kwa kupishana. Ya inchi 4 hutokeza upande wa pili.

Bolti za milimita 12 zenye urefu wa 130, mbili kwa kila U, jumla 24, washa 48. Zote zilizochovywa zinki. Dawa ya kijani hula chuma kitupu. Bolti nyeusi itakuwa vumbi la kutu kabla ubao haujachoka.

Kila mkato mpya umepakwa dawa ya mbao mara mbili kabla haujafungwa, maana dawa ya kiwandani haifiki katikati na mkato hufungua mlango. Vipande vya mabaki vilihesabiwa na kufungwa kwenye gunia. Visichomwe jikoni, visichome nyama, majivu yake yasiende kwenye mbogamboga. Hili walielezwa vibarua wote kabla ya kazi, na inafaa kurudiwa kila siku, kwa sababu kuni za bure ni kishawishi cha kweli.

Julai 5 hadi 12. Boriti

Yale maandishi ya chaki sasa yanafanya kazi. Boriti 15 zimechaguliwa zenye kimo kati ya 143 na 146. Zilizobaki zimekwenda kwenye vizuizi na ukingo. Tofauti za mwisho zimeondolewa kwa kuchonga chini ya boriti pale inapokaa juu ya mhimili, si kuweka vibanzi, kwa kuwa kibanzi hukauka, hulegea na huanguka. Mgongo wa kila boriti, yaani upande uliobinuka, umetazama juu. Uzito utaushusha, ukitazama chini, baraza litakuwa na bonde.

Urefu wa boriti ni mita 3.51, ukijumlisha mbao mbili za ukingo unapata 3.6. Zimeshikwa kwenye mhimili kwa misumari miwili ya inchi 4 iliyopigwa mshazari na ukanda wa chuma wa kufungia kenchi. Boriti ya 4 na ya 10 ni pacha, kwa sababu maungio yote ya sakafu yanaangukia hapo: kila ncha inapata milimita 45 za kukalia badala ya 22, na skrubu inakaa mbali na ncha.

Juu ya chemba, boriti ya 7 imekatwa, ncha zake zikabebwa na vipande viwili vya 2×6 vilivyolala kati ya boriti ya 6 na ya 8, mita 0.6 na 1.4 kutoka ukutani. Vimeshikwa kwa vipande vya chuma cha kona, misumari peke yake haitoshi hapo.

Juu ya kila boriti umelazwa mkanda wa lami, ule wa DPC wa kuzuia unyevu kwenye kuta, umekatwa upana wa sentimita 7, na kwenye zile pacha sentimita 12. Kila skrubu ni tundu linaloteremsha maji ndani ya boriti. Mkanda hukumbatia skrubu na kuyazuia maji hayo. Kati ya boriti pacha ndiko maji hunasa kuliko kwingine.

Chini: nailoni nyeusi iliyotobolewa matundu kila sentimita 30, kisha kokoto sentimita 5, karibu mita za ujazo 0.9. Kazi hii ifanyike sasa. Baada ya sakafu, atakayeingia chini na koleo atatambaa kwa tumbo.

Julai 19 hadi 26. Sakafu

Kipande kipya cha mtiki: gramu 61 kabla, 52 baada ya oveni. Asilimia 17. Kazi imeanza.

Nafasi kati ya safu imewekwa kwa vipande vya ile nondo ya milimita 6. Kwa mbao zilizofika asilimia 17 mwanya huu utapanuka hadi kama 7 wakati wa ukame. Mwenye mbao za asilimia 25 asiyeweza kungoja aweke milimita 3, wala asitegemee mistari iliyolingana.

Skrubu za chuma kisichoshika kutu, milimita 5×65. Hesabu: safu 25 mara boriti 13 mara 2 ni 650, na 50 za maungio, jumla 700, zimenunuliwa 800. Usitumie zile nyeusi za jipsamu. Ziko kila duka na ni rahisi, lakini hukatika shingo ubao unapocheza, na kwenye mvua huacha mchirizi mweusi kwenye mtiki. Toboa kwanza: milimita 5 kwenye ubao, 3 kwenye boriti, milimita 25 kutoka ukingoni na nchani. Mtiki una silika, keekee hupoteza makali haraka, ziliisha 9. Nguvu ya drili ipunguzwe hadi kichwa cha skrubu kilingane na uso. Kikizama, kinakuwa kikombe cha maji.

Safu ya kwanza imeanzia ukingo wa mbele, kwa kamba, na kila safu ya tano imepimwa kutoka ukutani ncha zote mbili. Safu ya 15 ilionyesha tofauti ya milimita 7. Imesambazwa kwenye safu tano zilizofuata, milimita moja na nusu kila moja, jicho halioni. Ingesubiriwa hadi safu ya 25, kabari ingeonekana mlangoni.

Mbao zilizopinda upande zilinyooshwa kwa patasi pana iliyochomekwa kwenye boriti na kuvutwa kama wenzo. Ubao ukihitaji watu wawili kuunyoosha, ukate.

Dirisha la chemba: safu 5, urefu sentimita 80, zimeunganishwa chini kwa fito mbili, linanyanyuliwa kwa matundu mawili ya kidole.

Agosti 2 hadi 6. Ngazi na reli

Ngazi iko ubavu wa kulia, katikati, ambapo uso wa baraza uko sentimita 73 juu ya ardhi. Miinuko 4 ya milimita 182, vipandio vitatu vya sentimita 28, upana mita 1, mbao 3 za ubavu za 2×10, zimekaa juu ya kibamba cha zege chenye mteremko kidogo kwenda nje. Kosa linalorudiwa ni kusahau unene wa kipandio. Ukikata mbao za ubavu kwa miinuko sawa kisha ukaongeza ubao wa 27 juu ya kila kipandio, mwinuko wa chini unakuwa 209 na wa juu 155, na watu watajikwaa hapo gizani miaka yote. Kata milimita 27 kutoka chini ya ubavu.

Reli (uzio wa kuzunguka baraza): nguzo 11 za 4×4, kila moja bolti mbili zilizoachana sentimita 10, na kizuizi nyuma ya ukingo usisokoteke. Kimo mita 1. Fito 72, mwanya wowote chini ya sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipite.

Agosti 9. Mafuta

Hakuna vanishi kwenye sakafu. Jua la mwinuko kama wa Arusha hulipasua tabaka lake, maji huingia chini yake, na baada ya hapo kazi ni kukwangua tu. Yamepakwa mafuta ya mbao za nje yenye rangi kidogo, koti mbili nyembamba, ziada ikafutwa baada ya dakika 20. Matambara ya mafuta ya linsidi yakikunjwa pamoja huweza kuwaka yenyewe. Yatandazwe nje moja moja au yalowekwe ndani ya ndoo ya maji.

Novemba 15. Baada ya vuli kuanza

Mwanya umepimwa mahali 20: kati ya milimita 5 na 7. Maji ya mvua ya saa mbili yaliisha juu ya sakafu kwa dakika chache, isipokuwa safu ya 9 karibu na boriti ya 4, ambapo skrubu mbili zilizama. Zimeng'olewa, matundu yamezibwa kwa vigingi vya mtiki. Bolti zote 24 za mihimili zimekazwa upya. 17 zilikuwa zimelegea robo mzunguko, mbao za paini zikiwa zimesinyaa. Nguzo C4 ilikuwa na njia ya mchwa yenye urefu wa sentimita 12, bado sentimita 43 chini ya chuma. Imekwanguliwa, dawa imerudiwa kwenye nguzo hiyo na za jirani. Ukaguzi mwingine wa nguzo ni Februari, kabla ya masika.